Figo Yangu ya Tatu

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa nami nikaacha shule darasa la tatu. Shida ilianzia hapo. Nilibeba ndizi kichwani hadi soko la Keroka, miguu mitupu. Ndizi zikazaa kuku, kuku wakazaa mbuzi, mbuzi wakazaa buchari, duka langu la nyama. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Hilo nililisema kila mahali, hata kwenye matanga ya watu, mpaka wakachoka kunisikia.

Halafu figo zangu zikalala, zote mbili. Mimi niliyetoa figo za mbuzi kwa kisu tangu nianze kuota ndevu, sikujua zangu zina kazi gani mpaka zilipoacha kuifanya. Mara mbili kwa wiki nilienda Kisii mjini kuoshwa damu kwa mashine, nikitoka hapo kama shati lililokamuliwa. Daktari aliniambia wazi kwamba ndugu mwenye afya, akipimwa na kufaa, anaweza kunipa figo moja na kuishi vizuri na ile nyingine. Nikamjibu kwamba sijawahi kuomba mtu hata kiberiti.

Dada yangu mdogo ameolewa Nyacheki kwenye majani chai. Alikuja Jumapili moja na kikapu cha ndizi, akanikuta nimevimba uso.

"Watoto wako wamepimwa?"

"Mmoja ana presha. Mwingine hakufaa."

"Na mimi?"

"Wewe ni mke wa watu."

"Mke wa watu, ndiyo. Lakini figo hizi alinipa mama yetu."

Nikamwambia kile ninachosema siku zote, kwamba nimejitengeneza mwenyewe na sitaki kubebwa. Akaweka kikapu chini, akashika kiuno.

"Na huyu mke wako, ulimwoa na ng'ombe wa nani?"

 Kwetu ng'ombe wanaoletwa kumwoa dada ndio kaka anaoa nao. Ng'ombe wa dada yangu walifika asubuhi na kuondoka jioni, wakaenda kwa kina mke wangu. Miaka arobaini nimesema hakuna aliyenishika mkono, na huku nimelala kwenye kitanda kilicholetwa na dada yangu. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akakaa chini.

Basi tukaenda Nyacheki kuongea na wenyewe. Shemeji alitupokea kwa chai, akanitazama bila kutabasamu.

"Shemeji, mimi nilileta ng'ombe saba kwa mwanamke mzima. Sasa unataka kipande kirudi kwenu. Utarudisha ngapi?"

Mimi ni mtu wa soko. Ukinitajia mbuzi, kichwa kinaanza kupiga hesabu chenyewe. Nikakohoa, nikasema, "Kwa figo moja, naona mtamba mmoja anatosha."

Shemeji akapasuka kwa kicheko, chai ikammwagikia suruali. Kumbe mzaha! Lakini dada yangu hakucheka.

"Nyamazeni nyinyi wawili! Figo haiuzwi. Hospitalini wakisikia mnapatana bei, watatufukuza wote, na huyu atakufa na ujinga wake."

Mama mkwe wake, Msabato mzee, aliuliza swali lililokuwa moyoni mwa wengi: siku ya ufufuo, huyu mama atafufuka na figo moja?

"Mama," dada akamwambia, "Adamu alitolewa ubavu na Mungu mwenyewe. Sisi wanawake tulipewa ubavu na wanaume, leo ninamrudishia mmoja wao figo. Mungu hatashindwa kuhesabu."

Mzee yule akasema "Mbuya," yaani sawa, vizuri. Shemeji akasema yeye ndiye atakayemlinda mke wake hospitalini. Ikawa imekwisha.

Walimpima kila kitu, na daktari akamwita peke yake kumuuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha. Dada alinisimulia jibu lake: "Kaka yangu? Hajawahi kuniweza hata nikiwa na miaka mitano."

Nilipoamka baada ya upasuaji, nilikuwa na mpira unaoingia kwenye mfuko kando ya kitanda. Mfuko ulikuwa unajaa. Miezi mingi sikuwa nimeona mkojo wangu wa maana, na sasa nikautazama kama mtu anayeangalia maziwa ya ng'ombe wa kwanza. Nililia. Dada, akiwa wodi ya jirani, alimtuma muuguzi aniulize swali moja tu: "Imekojoa?" Muuguzi alipomrudishia jibu, nilisikia kigelegele kupitia ukutani, na shemeji akimwambia anyamaze asifungue mshono.

Leo dada anachuma chai kama wenzake na anakwenda kliniki kupimwa. Mimi najua kazi ya nyama, kwa hiyo niwaambie bila kuzunguka. Mbuzi hatutupi kitu: kichwa ni supu, miguu ni supu, ngozi ina mnunuzi. Mtu peke yake ndiye tunamzika na kila kitu, hata macho ambayo yangemwonesha mwingine njia, halafu tunasema ni heshima. Ongea na watu wako ukiwa mzima. Mwulize daktari kama unafaa. Mimi watoto wangu nimewaambia: nikifa, kinachofaa kitolewe, mnizike mwepesi. Jeneza litakuwa rahisi kubeba kwenye huu mlima wetu.

Nilicho nacho leo ni hiki: buchari moja Keroka. Nyumba ya matofali yenye vyumba vinne. Ekari mbili za chai na ndizi nyuma ya choo. Ng'ombe watatu, mmoja ana mimba. Mke niliyemwoa kwa ng'ombe wa dada yangu. Kopo la dawa za kumeza asubuhi na jioni mpaka nife. Na figo tatu: mbili zangu, hazikutolewa, zimelala tu, moja ya dada yangu, inafanya kazi.