Bendera Iliyobishana na Upepo

Ninayowaandikia hapa hamtayaamini, na siwalaumu. Hata mimi niliyekuwepo nayaamini kwa shida.

Mpwa wangu ni fundi rangi. Wiki nzima hupaka kuta za watu, lakini Jumapili hujifungia sebuleni na rangi zake za mafuta. Miezi mitatu alichora merikebu moja tu: milingoti mitatu, matanga yamevimba, bahari imechafuka hata ukiitazama unatafuta pa kujishikilia. Baba yake, baharia mstaafu asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshatamka: "Nakuja saa tisa. Nikiiamini meli yako, chumba cha uani ni chako cha kuchorea. Nisipoiamini, kesho anaingia mpangaji."

Saa nane na nusu fundi alisimama dirishani kunyoosha mgongo. Uani kulikuwa na nguo kwenye kamba. Shati limevimba kwenda kushoto, foronya kushoto, soksi zote kushoto. Akaigeukia picha. Matanga, kushoto. Bendera, nyekundu kama pilipili, kulia!

"Mama yangu!" akanong'ona. "Upepo mmoja, njia mbili?"

"Kwani bendera ya gari si hupepea nyuma?" nikamtuliza.

"Gari lina injini, Mjomba! Hii inasukumwa na upepo huohuo!"

Rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka. Bendera ilikuwa bado mbichi. Akachukua kisu cha siagi, akakwangua polepole, pumzi ameibana. Wekundu ukatambaa winguni. Akafuta kwa kitambaa; wingu likawa kidonda. Geti likagongwa.

Mzee akaingia, mikono nyuma, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kupakwa rangi. Saa ya ukutani ikawa kama inapiga nyundo.

"Bendera iko wapi?"

Uongo ulikuwa karibu, fundi akaumeza. "Niliipeperusha kinyume, Baba. Nimeikwangua."

"Nani alikuonyesha kosa?"

"Nguo za uani."

Mzee akatia mkono mfukoni taratibu, ufunguo ukalia, na hapo, wasomaji wangu, akabubujikwa na machozi ndoo nzima, mawimbi ya pichani yakapanda, yakamwagika zuliani, nami nikarukia juu ya kabati nimembeba mzee mzi...

Ngojeni. Mpwa wangu mwenyewe kasimama nyuma ya kiti changu, kidole juu ya karatasi.

"Mjomba, chumvi yote hii umeichota bahari gani? Baba alipiga chafya kwa harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi, akaniwekea ufunguo mkononi, basi. Na waambie pia nani alinishauri bendera ielekee kulia, maana alikuwa ni huyuhuyu aliyeshika kala..."