Lavada na Bunduki ya Kindi

Lavada Sikes hakuwa mtu wa kupendwa, na sidhani kama aliwahi kutafuta kupendwa. Huku Georgia kusini, katika mji wetu wenye makanisa manne na duka moja la chambo, alijulikana kama mwanamke anayetembea na kijitabu cha kanuni za uwindaji mfukoni. Mwanamume akisimulia dukani jinsi alivyompiga nguruwe mwitu, Lavada humuuliza swali moja tu: “Ulimpigia wapi, na kwa bunduki gani?” Hadithi hufia hapo.

Alipika katika jiko la shule kwa miaka ishirini na sita, akastaafu na magoti mabovu. Mumewe, Harlan, alikufa kabla ya baba yake mwenyewe, na ardhi ya ukoo ikamwendea Royce, mtoto wa kaka yake Harlan. Wiki moja baada ya mazishi ya mzee, Royce alimwambia Lavada mbele ya mlango wake, “Mama mdogo, wewe ni mjane wa mtu, si mrithi wa mtu.” Tangu siku hiyo hakukanyaga tena shamba lile. Nyama ya friza yake, soseji zake zilizoungwa kwa majani ya seji, mafuta yake ya kukaangia, vyote vilitoka kwenye msitu wa umma unaopakana na shamba hilo. Hakuwa na mahali pengine pa kuwinda.

Tofauti ya sehemu hizo mbili nimeitafakari mara nyingi. Mwenye shamba anampiga nguruwe mwezi wowote, kwa bunduki yoyote halali aliyo nayo, kwa kuwa nguruwe ni mharibifu wa karanga na hakuna anayemlilia. Kwenye msitu wa umma ni habari nyingine. Huko nguruwe anapigwa wakati msimu wa mnyama mwingine umefunguliwa, na kwa silaha ya msimu huo tu. Msimu wa upinde, upinde. Msimu wa kulungu, raifo, bunduki nzito ya kulungu. Mwezi wa pili, msimu wa kindi, unaingia na bunduki ya kindi, ile ndogo ya kipimo cha ishirini na mbili ambayo risasi yake ni nyembamba kuliko penseli. Nguruwe wa kilo mia hasomi kijitabu. Lavada alijifunza kukaa kimya karibu na matope wanapogaagaa, upepo ukimpiga usoni, mpaka mnyama afike hatua kumi na tano. Humlenga nyuma ya sikio. Kama hapaoni vizuri, hafyatui.

Mpaka wenyewe ni mstari wa rangi ya njano uliopakwa kwenye misonobari. Upande wa magharibi ni wa Royce, upande wa mashariki ni wa watu wote.

Asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi wa pili, Lavada alikuwa ameketi upande wa watu wote aliposikia mlio mzito wa raifo kutoka kwa Royce. Hakushtuka, kwa sababu Royce huleta wageni kutoka mjini wanaomlipa kuwinda kwake. Kisha akasikia vichaka vikivunjika. Dume la nguruwe lilipita katikati ya miti yenye rangi ya njano, bega moja limening’inia, likaingia kwenye mianzi ya kinamasi. Nyuma yake akaja Royce peke yake, raifo mkononi, anahema.

“Royce! Simama hapo! Huku ni msimu wa kindi!”

“Huyu ni nguruwe wangu!”

“Akishavuka rangi si wako! Rudisha hiyo raifo kwako, halafu umpigie simu afande wa wanyamapori umwombe ruhusa ya kumfuata!”

“Nimwombe ruhusa? Mama mdogo, kaa na kindi zako!”

Akaendelea kuingia. Na hapa ndipo watu wengi wa kwetu hukosea, hata walio waangalifu. Mtu aliyejeruhi mnyama huona aibu kumwacha, na miguu yake haisomi rangi kwenye miti. Lakini bunduki iliyo halali upande mmoja inakuwa kosa kwa hatua moja tu.

Nguruwe hakuwa amekimbia mbali. Alitoka kwenye mianzi akiwa ameinamisha kichwa, akamvaa Royce, akampasua paja kwa jino. Raifo ikaruka upande. Royce akaanguka akipiga kelele ambazo Lavada hakuwahi kumsikia mwanamume mzima akizipiga.

Lavada alimpiga nguruwe risasi mbili za kindi. Zilizama kwenye ngozi nene ya bega, na nguruwe hakugeuza hata shingo. Lavada akaitupa bunduki yake chini karibu na Royce, akaokota ile raifo, akaisogeza kwenye mbavu za mnyama na kufyatua mara moja. Nguruwe akalala. Lavada akavua mkanda wake, akaufunga juu ya jeraha, akapiga simu ya dharura.

Aliyewahi kufika hakuwa wa ambulensi. Alikuwa Tate Kimsey, askari wa wanyamapori, aliyekuwa getini pa msitu akikagua kadi za wawindaji. Risasi nzito ndani ya msimu wa kindi ilimleta mbio. Akamkuta Royce amelala chali, bunduki ndogo kando yake, na Lavada amepiga magoti, raifo imeegemea bega lake.

“Raifo ya nani hiyo?” aliuliza Kimsey.

“Yake,” alisema Royce, akimwonyesha Lavada kwa kidevu.

Lavada alimtazama. Mkono wake bado ulikuwa umebana mkanda.

“Yangu ni hii ndogo, afande,” Royce aliendelea, akiigusa. “Nilikuja kutafuta kindi. Yeye ndiye aliyekuja na mzinga.”

“Royce, damu yako iko kwenye vidole vyangu.”

“Nakushukuru kwa hilo. Lakini raifo ni yako.”

Royce alijua anachofanya. Kosa kama hilo lingemfungia kibali cha kuongoza wageni. Na Lavada alijua linamgusa wapi. Alikuwa tayari na kosa moja kwenye rekodi, alipoingia msituni bila fulana ya rangi ya chungwa ambayo kila mwindaji lazima aivae aonekane. La pili lingemfungia msitu miaka mitatu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na magoti yasiyo na miaka mitatu ya kusubiri.

Kimsey alizitazama bunduki, akawatazama wao. Hakumpenda Lavada. Kila mtu alijua.

“Nani ana risasi mfukoni?”

Hakuna aliyekuwa nazo. Lavada huingia na kumi tu, zote ndani ya bunduki. Royce alikuwa ameacha za kwake kwenye pikapu.

“Sawa. Royce, toa risasi kwenye bunduki yako.”

“Afande, nimepasuliwa mguu.”

“Mikono yako naiona mizima. Mtutu uelekeze kule, utoe risasi.”

Royce akaishika. Akatafuta kisanduku cha risasi kwa chini, hakuna. Akavuta, akabonyeza, akasukuma. Risasi za bunduki ile hukaa kwenye bomba refu chini ya mtutu, na kichwa cha bomba kilishakatika zamani; mwenyewe huingiza ukucha kwenye ufa, akazungusha kushoto. Royce aliipapasa kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya watu. Lavada alitazama miti.

“Mpe yeye,” alisema Kimsey.

Lavada aliichukua kwa mkono ulio huru, akaibana kwapani. Ukucha, nusu mzunguko, bomba likatoka. Akamwaga risasi kwenye majani.

“Nane,” alisema. “Mbili ziko begani mwa nguruwe. Mchune uhesabu.”

Kimsey akaandika jina la Royce. Kisha akafungua ukurasa mwingine.

“Na wewe, Bi Lavada. Raifo ya kulungu, msimu wa kindi. Umeifyatua?”

“Nimeifyatua.”

“Mwaka jana ulisema mkutanoni, mbele ya watu hamsini, kwamba nalipwa kulala ndani ya gari.”

“Nilisema kwa sababu ulikuwa umelala.”

“Basi leo niko macho.” Akaandika. “Ungeweza kuniomba nikuonye tu.”

“Siwezi kukuomba kitu, Tate. Andika vizuri, Sikes ina i moja.”

Wiki mbili baadaye walikuwa mahakamani, kwenye ukumbi mdogo unaonuka nta ya sakafu. Lavada hakuchukua wakili. Hakimu, mwanamke mwenye mafua, alimuuliza kama alitumia silaha isiyoruhusiwa, akajibu ndiyo. Alimuuliza kwa nini, akajibu kwamba yake haikutosha na mtu alikuwa analiwa. Hakimu akasema neno hilo linahitaji shahidi, akamwita Royce.

Royce alisimama kwa magongo. Alikuwa amekwisha kulipa faini yake na kibali kimefungwa, hana tena cha kuokoa. Kila aliyekuwa mle ndani alijua kwamba akisema hakumbuki, Lavada anaondoka bila msitu. Alirekebisha magongo kwapani. Lavada hakumtazama.

“Alikuwa ameniambia nirudi,” alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetema mate. “Sikurudi. Nguruwe alikuwa juu yangu. Alitumia raifo yangu kwa sababu nyingine haikuwepo. Nilisema uongo siku ile. Basi.”

Hakimu akapiga chafya, akafuta shtaka.

Nje, kwenye ngazi, Royce alimngoja.

“Usidhani tumepatana.”

“Sijadhani.”

“Sikukuomba uniokoe.”

“Hukuniomba. Ulikuwa unapiga kelele tu.”

“Ungemwacha anile, ungekuwa umepata raha yako.”

Lavada alilifikiria jambo hilo, na nadhani alilifikiria kwa haki, kama alivyokuwa akifikiria kila kanuni. “Ningepata,” alisema. “Lakini ningekusikia mpaka leo.”

Royce alishuka ngazi moja moja, na yeye hakumshika mkono. Alipofika chini alitukana, sijui kama ni magongo au Lavada. Lavada alivaa kofia yake na kutazama saa. Msimu wa kindi ulibakiza siku tatu, na friza ilikuwa imebaki na soseji za kutosha wiki moja tu.