Kikombe cha Upande wa Pili

Rafiki yangu alikuwa amebakisha karatasi moja tu, ya hesabu, na hiyo ilikuwa ya kurudia. Akianguka tena, chuo chetu cha ufundi hapa Lodwar kingempa mtu mwingine nafasi yake, naye angebaki kambini Kakuma, alikokulia tangu walipovuka mpaka wa Nadapal kutoka Sudan Kusini akiwa mgongoni kwa mama yake mdogo. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa cha siku hiyo peke yake, kwa hiyo Jumamosi nikafunga madaftari yangu kwa leso nikamfuata mimi.

Msinipigie makofi. Hesabu hiyo mimi mwenyewe niliipita kwa tundu la sindano. Lakini kulikuwa na sehemu moja niliyoipenda kama mtu anavyopenda wimbo asiojua maneno yake yote: ile milinganyo ambayo haikuambii kitu ni nini, inakuambia tu kinavyobadilika. Maji yanavyoshuka tangini. Chuma kinavyopoa. Upande wa kushoto unakuta vipande viwili vinavyokataa kukaa pamoja, na kazi yako ni kutafuta kitu kutoka nje, ukizidishe, ili vile viwili vigeuke kuwa kimoja. Mwalimu alikuwa na jina refu la kitu hicho. Sisi tulikiita mpatanishi.

Nilifika nikikohoa. Upepo wa njiani ulikuwa umenijaza vumbi mpaka kwenye meno. Tukaketi chini ya paa la mabati, mama yake mdogo akabandika birika, na rafiki yangu akaandika swali: mabadiliko ya y, kujumlisha y gawanya kwa x, ni sawa na x.

"Haya, mwalimu," akanichokoza. "Mpatanishi yuko wapi?"

"Angalia kilichokaa na y."

"Moja gawanya kwa x. Naintegreti, napata logi. Naiweka juu ya e... inabaki x. Mpatanishi ni x!"

Alikuwa sahihi. Akazidisha, vipande viwili vikaungana vizuri kabisa, akamaliza, akapiga mstari chini ya jibu. Kisha tukalirudisha jibu kwenye swali kulijaribu. Upande wa kushoto ulitakiwa utoke x. Ukatoka moja, moja tupu.

Akarudia, ikatoka moja. Nikafanya mimi kwa kumfuata yeye, ikatoka moja.

"Labda kitabu kimekosea," nikasema.

"Wee, kitabu hakifanyi mtihani Jumatatu." Alicheka, lakini kalamu aliiweka chini, na nikaona macho yake yanakwenda kwenye ile karatasi ya kibali iliyobanwa ukutani. Nikakohoa.

Mama yake mdogo alinitazama akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota kambini: "Hii mtoto nakufa na mavumbi." Chai ilikuwa tayari vikombeni, lakini akainuka, akatwanga tangawizi, akatia kidogo kwenye kikombe changu. Kisha kwenye cha rafiki yangu. Kisha chake. Kulikuwa na cha nne. Akakitia pia, akatoka nacho mpaka kwenye ua wa miiba, akakipitisha juu. Upande wa pili alikuwa ameketi mama mmoja wa kwetu, Mturkana, aliyeleta kuni za kuuza, akipumzisha shingo yake yenye shanga. Sikuwa nimemwona hata.

"Ejok," nikamwamkia, nimeona haya. Akaitikia, akanywa, akacheka kwa ukali wa tangawizi.

"Mama," rafiki yangu akauliza, "anayekohoa si huyu peke yake?"

"Mimi hapana weka tangawizi kikombe moja. Moja napata, yote napata. Yule huko nje, yeye hapana mdomo?"

Rafiki yangu alikitazama kikombe chake, halafu kile cha ng'ambo ya ua. Kisha akakiweka chini haraka hata chai ikamwagikia daftari.

"Dadangu! Huku tumewapa. Yule wa ng'ambo hatukumpa!"

Kidole chake kilikuwa kwenye ile x iliyokaa peke yake baada ya alama ya sawa. Hatukuwa tumeizidisha. Na nikajua kwa nini: darasani, mifano yote ubaoni ilikuwa na sifuri upande ule, na sifuri hata ukiipa nini inabaki sifuri, basi tukazoea kutoiangalia. Akaipa x yake, ikawa x mraba, akaintegreti upya. Safari hii jaribio likatoka x. Mama wa kuni alitushangilia nje ya ua bila kujua tunashangilia nini.

Jumatatu nilimsubiri langoni mwa chuo. Alitoka akiwa amebana midomo.

"Swali letu lilikuja?"

"Lilikuja. Na upande wa kulia haukuwa sifuri."

"Ukafanyaje?"

"Nikampelekea chai yake."

Muhula ulipofunguliwa, boda ilisimama mlangoni kwetu, mtaa wa Kanamkemer. Rafiki yangu akashuka na begi mgongoni, na mkononi kifuko cha tangawizi kutoka kwa mama yake mdogo. Mamangu akabandika maji ya chai. Yalipochemka, mimi ndiye niliyetoka nje kwanza, nikamuuliza yule wa boda kama ana haraka.