Pweza wa Nyuma ya Darasa

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa mwalimu kijana, mtoto wa Mji Mkongwe, nimepelekwa kusomesha Makunduchi miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa na cheti kipya na maneno mengi.

Kule maji ya bahari yakitoka wanawake huenda mwambani kuchokoa pweza. Mmoja wao, Bi Mwanahija, aliniuzia pweza mzima, nikamweka ndani ya pipa la maji ya bahari nyuma ya darasa. Nikamtilia kaa katika kopo lenye mfuniko. Siku ya kwanza alihangaika nalo saa nzima. Siku ya tatu alilifungua kabla sijatoa mkono wangu majini. Watoto wakapiga makofi. Nikawaambia, "Huyu ana akili, lakini hajijui wala hahisi. Ni kama saa ya ukutani: inakwambia wakati bila kukosea, na yenyewe haijui ni saa ngapi."

Ili niwathibitishie, nikamkata ncha ya mkono mmoja kwa wembe. Ile ncha ikajinyonganyonga peke yake mezani. "Mnaona?" nikasema. "Haina hata kichwa, inacheza tu."

Lakini tangu hapo pweza akaukunja ule mkono chini ya mwili wake, akawa hautoi. Nikitia kopo mimi, anajibana pembeni, hata kaa hamtaki. Akitia mwanafunzi, anakuja. Niliyaona hayo, mwanangu, nikajifanya sikuyaona. Mkaguzi wa shule alikuwa anakuja kutazama somo lile, na nilishaahidiwa kuhamishiwa mjini akiridhika.

Asubuhi ya ukaguzi Bi Mwanahija akapita na fimbo yake ya pweza.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba." Akainamia pipa, akatazama kwa muda. "Nani kamkata?"

"Mimi, kwa ajili ya masomo. Hahisi kitu, Bi."

"Kakwambia nani?"

Nikasema, kwa ukaidi wa ujana, "Mbona wewe unawaua kila siku?"

"Mimi namuua mara moja, wanangu wakala. Simkati nikamwacha anitazame. Nna ng'ombe mjinga, hata njia ya nyumbani hajui, lakini akiumia unamjua. Na hiyo saa yako, watoto wamenihadithia: ina akili, haijaumia hata siku moja. Basi utapimaje maumivu kwa akili? Huyu hapa humjui, mwalimu. Hujui, nawe umeshawaambia watoto hapana."

Akaondoka. Nami nikaingia darasani.

Mkaguzi alikaa mbele, akakunja nne. "Haya, mwalimu, tuonyeshe huo mkono unaocheza."

Wembe ulikuwa mezani. Nilikuwa nimeshakata shauri. "Samahani, bwana, sitamkata. Niliwaambia watoto hawa kwamba hahisi. Nilisema nisilolijua."

Akaandika maneno mawili matatu katika daftari lake, akafunga kalamu. Mjini sikuhamishwa; nilisomesha kule miaka minne mingine. Adhuhuri ya siku ile ya ukaguzi tulilibeba pipa, mimi na wanafunzi, tukamrudisha pweza mwambani.

Leo nyinyi mna mashine zinazojibu maswali kwa ufasaha kutupita sisi walimu, na mnaniuliza kama zinajijua. Sijui, mwanangu. Huenda akili ikikua hufika mahali ikajijua yenyewe. Huenda ikakua mpaka mwisho bila ya kuwamo ndani yake wa kuhisi. Wanaosema lazima ijijue, na wanaosema haiwezekani, waulize kama nilivyoulizwa mimi: kakwambia nani? Usikipe kitu moyo kwa kuwa kinasema vizuri. Wala usimnyime kiumbe uchungu wake kwa kuwa hasemi. Chunguza, na uwe na subira. Na wakati bado hujui, zuia mkono wako, hata ikiwa kuzuia huko kutakugharimu jambo ulilolitaka sana.

Mola akuzidishie elimu, akulainishie moyo, na akusimamishe imara penye haki. Amin.