Chakula cha Bure kwa Mwenye Kuni

"Chakula cha shule ni bure kwa kila mtoto. Sasa wazazi wanalalamikia nini?"

Afisa mmoja wa serikali alituambia wazazi hivyo leo mchana, katika shule ya msingi hapa Kanamkemer. Kisha akapanga foleni na watoto ili apigwe picha.

Nilimwacha aendelee na foleni yake. Mnaonijua mnajua hiyo si kawaida yangu.

Lakini nilijua mbele, penye sufuria, yuko Mama Akiru, mpishi. Serikali huleta mahindi na maharagwe, haileti kuni za kupikia. Kwa hiyo kila mtoto huja na ukuni wake, na asiye nao hapati chakula.

Afisa akanyoosha sahani.

"Ejok, mzee," Mama Akiru akamsalimu. "Ukuni wako uko wapi?"

Akacheka. Alicheka peke yake.

"Mama, mimi ni mgeni."

"Na hawa?" Mama Akiru akaelekeza mwiko ukutani, walipokaa watoto watatu waliokuja mikono mitupu. "Nikipakulia wasio na kuni, kesho nitapika na nini?"

Mmoja wao, msichana wa darasa la pili, akasogea kumpisha afisa. "Kaa hapa, kuna kivuli."

Picha haikupigwa.

Sisi wazazi tulikwenda kutafuta kuni, na wale watatu wakala. Hiyo ni leo tu.

Wabunge wetu, najua mko humu mtandaoni mnasoma kimya kimya. Tieni kuni kwenye bajeti ya chakula cha shule, kutoka hapa hadi Kakuma na Lokitaung. Mpaka mfanye hivyo, msituambie ni bure.