Mama Aliyesemwa Hajui Kusoma

Kule Orosi, California, nilifanya kazi na Bi Herlinda Baeza kwenye kiwanda cha kupakia machungwa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na nyusi nzito. Wakati wa mapumziko, sisi tukipasha moto chakula, yeye alifungua gazeti la Kihispania akatusomea kwa sauti, tupende tusipende. Kwao Michoacán, Meksiko, alimaliza sekondari, kisha akauza vitabu vya shule dukani kwa mjomba wake mpaka duka likafungwa. Mumewe alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Yuridia. Bi Herlinda mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma, pale jikoni, kabla mtoto hajaanza hata chekechea.

Yuridia alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu. Muhula haujaisha, akapiga simu akilia.

"Mama, wenzangu wote wanajua la kufanya. Mimi nauliza kila kitu, hata pa kulia chakula."

"Basi uliza," Bi Herlinda alimjibu. "Wanalipwa ili wakujibu."

Aliuliza, akaelekezwa kwenye ofisi ya kuwasaidia wanafunzi Walatino, wenye asili ya Amerika ya Kilatini kama sisi, na wale ambao wazazi wao hawakufika chuo. Nisiwasingizie watu: ofisi ile ilimsaidia kweli. Walimwazima kompyuta, wakamtafutia mwanafunzi wa mwaka wa juu wa kumfundisha hesabu, na palikuwa na kabati la vyakula ambamo mtu anachukua bila kuhojiwa. Mshauri wake, Bwana Ledesma, naye mtoto wa wavuna zabibu, alimpigia simu kila alipokosa darasa. Siku ya wazazi walituma basi mpaka Orosi kuwachukua. Bi Herlinda alirudi na fulana ya chuo, akaivaa kazini wiki nzima.

"Herlinda, umehitimu lini?" Chayo, mwenzetu wa kwenye mashine, alimtania.

"Nyamaza wewe. Zaa mwenye akili, na wewe utavaa."

Mwaka wa tatu serikali ilipunguza fedha za ile ofisi. Wakaandaa chakula cha mchana kwa matajiri wanaochangia chuo, na Yuridia akachaguliwa kuzungumza. Alimwalika mama yake, na kwa kuwa Bi Herlinda haendeshi gari, nikampeleka mimi. Alikuwa amejishonea gauni jipya la buluu.

Ofisi ilikuwa imefikiria kila kitu. Sisi ambao Kiingereza kinatupiga chenga tulipewa vidude vya masikioni, na mkalimani akatutafsiria kila neno kwa Kihispania.

Yuridia akapanda jukwaani.

"Mama yangu hajui kusoma," alianza. "Nyumbani kwetu hapakuwa na kitabu hata kimoja. Nilikuwa nambembeleza mwalimu anibakize darasani, maana nyumbani hakuna aliyejua herufi. Mama aliniambia kazi ya msichana ni shamba. Ofisi hii ndiyo iliyonifungua macho."

Bi Herlinda alikitoa kidude sikioni, akakigongagonga, akakirudisha.

"Huyu mkalimani anakosea?" aliniuliza kwa kunong'ona.

Nilitamani kumdanganya. Kiingereza changu ni kibovu, lakini hayo nilikuwa nimeyaelewa.

"Hapana, Herlinda. Hakosei."

Kisha Yuridia akamwomba mama yake asimame. Ukumbi mzima ukapiga makofi, wengine wakifuta machozi. Mama mmoja mwenye lulu shingoni alikuja akamshika mikono yote miwili, akamsemesha polepole kwa sauti kubwa, kama anayezungumza na kiziwi. Bi Herlinda alitabasamu. Alisimama mpaka walipomaliza kupiga makofi.

Ndani ya gari, tulipofika kwenye mashamba ya mizabibu, alinigeukia.

"Umeona nilivyosimama?" akasema. "Kama ng'ombe wa maonyesho."

Wiki iliyofuata Yuridia alikuja nyumbani. Nilikuwepo, nikichambua maharage na mama yake. Nilitaka kuondoka, Bi Herlinda akanivuta nikakaa.

"Bwana Ledesma alisema hadithi yangu haina nguvu," Yuridia alijitetea. "Alisema mama anayesoma magazeti hatamliza mtu. Akaniambia niongeze chumvi kidogo."

"Na wewe ukamwaga kopo zima."

"Lakini mama, fedha zimepatikana! Hakuna aliyefukuzwa. Ningefanyaje?"

"Ungenipigia simu. Ungesema, 'Mama, nataka kukuita mjinga nipate ada.' Ningekwambia niite, ongeza na kwamba nina wazimu. Ningekuja hata peku. Lakini hukuniambia, Yuridia. Uliniacha nikajishonea gauni."

Binti alilia sana. Mama yake aliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

Hotuba ile ilikuwa imerekodiwa, na mpaka leo chuo huwaonyesha wafadhili wapya. Yuridia alihitimu kwa alama nzuri. Siku ya mahafali Bi Herlinda alisema mgongo unamuuma, akaenda shangazi yake Yuridia badala yake. Bwana Ledesma alipostaafu, kiti chake alipewa Yuridia. Nasikia wanafunzi wanampenda, na kwamba hamwachi mtu aanguke. Ninaamini. Kila Jumapili anampigia mama yake, wanaongea habari za mvua na magoti.

Krismasi iliyopita alimleta mchumba wake, kijana mpole aliyejifunza Kihispania kwa ajili ya safari hiyo. Tulikuwa tunakula tamale, vile vitafunio vya unga wa mahindi vinavyofungwa kwenye maganda, na kijana akataka kumfurahisha mwenye nyumba.

"Yuridia amenisimulia mengi kukuhusu, mama," akasema.

Bi Herlinda akaweka uma chini.

"Yapi?" akamuuliza.

Kijana alimtazama Yuridia. Yuridia akainuka kwenda kuleta maji, ingawa jagi lilikuwa limejaa mezani.