Walimpaka mpwa wangu masizi ulingoni, na mimi nataka kulipiza

Admin, ficha jina langu, ingawa ni kazi bure. Kuanzia Ngara mpaka Biharamulo hakuna asiyenijua, na mieleka ya huku kwetu niliileta mimi. Nina miaka hamsini na mbili, naishi Nyakahura, nina mke, watoto na banda la video pale gulioni. Shule niliishia darasa la tano, siyo kwa ujinga, walimu ndio waliishiwa cha kunifundisha. Ujanani nililikamata pembe dume la ng'ombe la Msukuma mmoja nikalilaza chini, na mpaka siku linachinjwa, likiniona lilikuwa linainamisha kichwa.

Sasa ndugu zangu, nina mpwa, binti wa dada yangu aliyeolewa Kirushya. Nitamwita Kezia. Ana miaka ishirini na mbili, mweusi tii, mrefu, mabega mapana, mkungu wa ndizi anajitwika mwenyewe. Tangu mdogo akija likizo alikuwa anashinda bandani kwangu akiangalia wanawake wa mieleka. Siku moja akaniuliza, "Mjomba, mbona wanaoshinda ni wembamba weupe tu, na aliyefanana na mimi kazi yake ni kuanguka?" Nikamwambia, "Subiri, wewe utashinda." Nikamfundisha mwenyewe kule migombani kwa dada, juu ya majani makavu, mpaka akawa ananirusha hata mimi. Nilikuwa namwachia, lakini.

Mwaka jana akaja promota kutoka mjini na wasichana wake wa mieleka. Alipomwona Kezia akasema, "Mzee, huyu ni dhahabu." Tukanywa rubisi, tukapeana mikono. Siku ya gulio ulingo ukafungwa, magodoro chini, turubai juu yake, watu mpaka juu ya mapaa ya maduka. Akatoka kwanza msichana mmoja mweupe, kavaa nguo ya kung'aa, akatangazwa jina lake na kwao, kisha sifa yake: "Malkia!" Watu makofi. Halafu kipaza sauti kikasema, "Na kutoka porini, mchawi wa migombani!" Akatoka Kezia wetu, kavishwa gunia, uso mzima masizi.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama mmoja muuza dagaa akapaza sauti, "Nyie, masizi ya nini? Kwani weusi aliopewa na Mungu haujawatosha?" Wakacheka zaidi. Mieleka hii mshindi hupangwa kabla, na Kezia alipangiwa kuanguka. Akaanguka. Yule Malkia akamkanyaga kifuani, promota akapiga picha. Binti ambaye angeweza kuwabeba wote wawili, mmoja kila bega!

Baadaye nilimkuta bombani anajisugua, masizi ya masikioni hayatoki. Akasema, "Shikamoo mjomba," kama vile tumekutana njiani tu. Nikaitikia. Akasema, "Kuanguka sikatai, mieleka ina kuanguka. Lakini jina langu halikutajwa hata mara moja. Mama amekuja na majirani zake wote, na hakujua ni mimi mpaka niliposema 'aah' nikiwa chini."

Tangu siku hiyo sili nikashiba. Promota anarudi mwezi ujao, safari hii Mugoma, na anamtaka tena mchawi wake. Mimi nimeshapanga. Kezia akubali kila kitu, apande ulingoni kwa upole, halafu badala ya kuanguka amnyanyue yule Malkia amtupe juu ya meza ya promota, kweli kweli. Mimi nimnyang'anye mtangazaji kipaza sauti nitangaze jina la mpwa wangu, la baba yake na la ukoo wake wote. Nataka promota akimbie mpaka Lusahunga na kiatu kimoja. Nikiwaza hivyo ndipo napata usingizi.

Lakini Kezia hataki. "Mjomba, yule dada hana kosa, naye kapangiwa. Nikimvunja shingo nitakuwa yule mchawi kweli. Mimi nitapanda na uso wangu msafi, jina langu litangazwe, wasichana waliofanana na mimi wasikie. Akikataa, sipandi tena maisha yangu yote. Na wewe ndiye utakayemwambia, mbele yangu, maana wewe ndiye mwalimu wangu."

Nikampigia promota kwa sauti ya simba. Akacheka. "Njoo naye, mzee. Tukikaa watatu tutaongea yote, au siyo?" Nikakata simu.

Sasa ndugu zangu, nishaurini. Nikienda na Kezia, promota atafungua mdomo. Nisipoenda, mtoto anaacha mieleka, na aliyemvunja nitakuwa mimi. Kisasi changu nacho nikiache? Mwenye busara aniambie, ila asinitukane.

Maana asubuhi ile ya gulio promota alikosa rangi nyeusi. Kezia anadhani walikuja nayo. Masizi yale niliyakwangua mimi, kwenye sufuria ya mke wangu, kwa sababu niliahidiwa kuvaa shati la refa. Na shati lenyewe halikunienea tumboni.